Panda Treni Ijumaa, Tembea Jumamosi: Mwongozo wa Matembezi ya Mashambani Kutoka Stesheni za Nairobi

Anayetaka kutoka Nairobi akatembee mashambani kwa kawaida hufungua ramani, akachagua mlima au msitu, kisha ndipo akauliza atafikaje. Ukitaka kwenda kwa treni, geuza mpango huo. Anza na ratiba. Treni za abiria za hapa kwetu zimepangiwa mtu anayefanya kazi mjini na kulala Kikuyu, Limuru, Ruiru au Syokimau: asubuhi zinaingia mjini, jioni zinatoka. Mtembezi anataka kinyume chake, atoke asubuhi na kurudi jioni. Wengi wakigundua hivyo wanakata tamaa na kupanda matatu. Mimi nasema wasikate tamaa. Treni hiyo hiyo ya wafanyakazi inakufikisha kwenye majani chai ukikubali kulala huko usiku mmoja.

Nitaeleza kwa urefu njia ya Limuru, kwa sababu ndiyo ninayoipenda zaidi na ndiyo inayolipa uchovu wako. Ngong na Kikuyu nitazieleza kwa ufupi.

Kwanza, hakikisha ratiba

Nenda dirisha la tiketi kwenye stesheni kuu ya Nairobi, ile iliyo mwisho wa Barabara ya Moi upande wa Haile Selassie, siku moja au mbili kabla ya safari. Uliza mambo manne: treni ya Limuru inatoka saa ngapi jioni, inafika hadi Limuru kwenyewe au inaishia Kikuyu, Jumamosi ipo au haipo, na nauli inalipwa vipi. Jumapili usiitegemee treni hata kidogo.

Usitegemee pia picha ya ratiba uliyotumiwa na rafiki. Mara yangu ya kwanza nilifanya hivyo. Picha ilikuwa ya mwaka uliotangulia, nami nikafika stesheni nikakuta lango limefungwa na mlinzi anapika chai. Alinikaribisha kikombe, nikanywa, nikarudi nyumbani na mkoba wangu ukiwa bado umejaa. Tangu siku hiyo nauliza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Vitu vya kubeba

Si vingi. Viatu vyenye meno chini, maana udongo mwekundu wa Kiambu ukilowa ni kama sabuni. Sweta nzito na koti la mvua, hata kama Nairobi jua linawaka. Maji lita mbili kwa kila mtu, chakula kidogo cha njiani, simu iliyojaa chaji, kitambulisho, na noti ndogo ndogo za boda na za mahindi ya kuchoma. Kofia pia. Baridi ya huku hudanganya watu wakadhani jua halichomi, na kumbe mtu yuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Usiende peke yako. Watu wanne ni idadi nzuri: mmoja akiumia mguu, mmoja anabaki naye na wawili wanakwenda kutafuta msaada. Mwachie mtu wa nyumbani jina la mahali mnapolala na saa mnayotarajia kurudi.

Kuhusu majira, miezi ya Januari na Februari ndiyo mikavu na yenye mwanga. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia za mashambani hugeuka tope. Julai na Agosti hakuna mvua nyingi, lakini Limuru hufunikwa na ukungu hadi saa nne au tano asubuhi, na usipouzoea unaweza kupoteza njia hatua hamsini kutoka barabarani.

Ijumaa jioni: treni ya Limuru

Fika stesheni mapema, ikiwezekana alasiri. Sababu ya kwanza ni kwamba treni ya jioni hujaa, na anayefika dakika za mwisho husimama njia nzima. Sababu ya pili ni Makumbusho ya Reli, ambayo iko mwendo mfupi tu kutoka stesheni. Ilifunguliwa mwaka 1971. Humo ndani kuna behewa ambalo ndani yake simba alimuua mkuu wa polisi wa reli, Charles Ryall, kule Kima mwaka 1900, alipokuwa amelala akimvizia simba huyo huyo. Ukishasimama mbele ya dirisha lile, safari yako ya jioni inabadilika. Unajua kwamba reli hii ililipiwa kwa maisha ya watu.

Reli ilifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Hapakuwa na mji, palikuwa na kinamasi na maji baridi ambayo Wamaasai waliyapa jina lililokuja kuwa la Nairobi. Mafundi walisimama hapa kwa sababu mbele yao kulikuwa na mlima: kutoka hapa reli inaanza kupanda kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Hadi Limuru inapanda zaidi ya mita 500. Utausikia mpando huo kwenye injini, inavuta pumzi nzito, na behewa linatembea polepole kiasi kwamba unaweza kusoma maandishi kwenye milango ya maduka.

Kaa dirishani. Treni inapita Kibera ikikaribiana na vibanda hivi kwamba harufu ya samaki wa kukaanga inaingia ndani. Jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi, Kibra, yaani msitu, kwa kuwa askari Wanubi waliopewa ardhi pale waliukuta msitu. Baadaye kidogo ni Dagoretti. Baada ya hapo, mara nyingi, giza linaingia. Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo usitarajie kuyaona mashamba ya Kikuyu kutoka dirishani. Utaona taa za nyumba zikiwa mbalimbali, na abiria wakipungua, na wale waliobaki wakivaa makoti. Hapo ndipo utakapojua kwamba umepanda.

Kabla ya Limuru kuna Muguga. Ukipita hapo, hata kama ni usiku, kumbuka jambo moja: kwenye maabara ya Muguga ndiko Walter Plowright na wenzake walikotengeneza chanjo ya sotoka, ule ugonjwa uliofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji bila kitu. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa haina tena sotoka. Mimi ni mjukuu wa mfugaji, na sipiti hapo bila kugeuza shingo.

Ukishuka Limuru usianze kutafuta mahali pa kulala gizani. Panga malazi kabla ya kutoka Nairobi, na mwombe mwenye nyumba akutajie boda anayemfahamu akupokee. Kuna nyumba za wageni mjini, na kuna vituo vya mikutano upande wa Tigoni vinavyolaza wageni.

Jumamosi: kutoka stesheni ya Limuru hadi Tigoni

Hata kama umelala Tigoni, rudi uanzie stesheni. Kuna raha ya kuanza pale treni ilipokuacha, tena stesheni yenyewe ni mahali pazuri pa kuuliza njia. Kunywa chai na mandazi mjini, usiondoke na tumbo tupu. Saa mbili asubuhi ni wakati mzuri wa kuanza. Ukungu ukiwa mzito, subiri.

Sasa neno la lazima. Utavutwa kutembea juu ya reli, kwa sababu imenyooka, haina matope, na utaona wenyeji wakipita. Usifanye hivyo. Ni hatari, na sheria hairuhusu. Treni inayoteremka kutoka upande wa Uplands haina kelele kama inayopanda, na kwenye kona zenye kingo za udongo pande zote mbili huna pa kukimbilia. Vuka pale watu wote wanapovukia, tazama pande zote mbili, kisha uiache reli nyuma yako.

Kutoka mjini shika barabara inayoteremka kuelekea Tigoni na Banana. Sehemu ya kwanza ina magari na si ya kupendeza sana, kwa hiyo tembeeni mmoja nyuma ya mwingine, upande wa kulia, mkitazamana na magari yanayokuja. Mashamba madogo ya sukuma wiki na viazi yapo kandokando, na ng'ombe wa maziwa wamefungwa zizini mlangoni mwa nyumba. Baada ya hapo chai inaanza, nayo ikianza inajaza macho.

Limuru ndiko chai ilikopandwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, mwaka 1903. Kwa hiyo unachokitazama ndiyo shina la zao linalotuletea fedha nyingi za kigeni leo. Simama utazame jinsi kichaka kilivyo. Chai ikiachwa inakuwa mti mrefu. Inakatwa mara kwa mara ibaki kiunoni ili mchumaji aifikie. Anachuma majani mawili na chipukizi moja, anatupa nyuma kikapuni bila kutazama, na baada ya wiki moja au mbili anarudi kwenye kichaka kile kile. Wachumaji hulipwa kwa kilo, kwa hiyo mkono unaosimama kukupungia ni mkono uliopoteza gramu. Wasalimie, usiwacheleweshe, na usimpige mtu picha kabla hujamwomba.

Njia zinazokata katikati ya chai ni za mwenye shamba. Nyingine wanakijiji wanazipita kila siku, nyingine zina lango na askari. Ukifika langoni, simama, salimia, jieleze: "Habari ya kazi mzee. Sisi ni watembezi tu, tumetoka stesheni, tunaelekea Tigoni. Tunaweza kupita hapa?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, au anakuonyesha njia nyingine iliyo bora kuliko ile uliyoitaka. Akikataa, kubali na urudi barabarani. Usivunje chipukizi kwa kucheza na usikanyage katikati ya mistari, hasa siku ya mvua, maana mizizi iko juu juu.

Mahali ambapo ningekuambia ukae muda mrefu ni msitu wa Brackenhurst, upande wa Tigoni. Kutoka stesheni ni kama saa moja na nusu kwa mwendo wa mtu anayetazama. Unalipa langoni. Zamani mahali hapo palikuwa na mikaratusi, ile miti iliyonyonya maji na kuacha ardhi chini yake ikiwa kavu, haioti kitu. Tangu miaka ya 2000 wamekuwa wakiing'oa na kupanda miti ya asili: mugumo, muiri, podo na mingineyo mingi kutoka pande zote za Afrika Mashariki. Leo ukiingia ndani unasikia maji. Ukikaa kimya dakika kumi, bila simu, huenda ukamwona mbega mweusi kwa mweupe akiruka na mkia wake kama shuka, au kulukulu akifungua mabawa na ule wekundu ukakushtua. Ninaupenda msitu huu kuliko Karura, ule msitu wa jijini Nairobi, na sisemi hivyo kwa kuidharau Karura, ambayo ilipiganiwa isinyakuliwe. Ninaupenda kwa sababu umri wake naukumbuka. Nilipita hapa nikiwa kijana, miti ikiwa inanifika kifuani, na sasa nasimama kwenye kivuli chake.

Kula chakula chako hapo. Takataka zote zirudi mkobani.

Kutoka Brackenhurst unaweza kurudi Limuru kwa miguu kama una nguvu, lakini ni mpando. Mimi huendelea kuteremka hadi Tigoni, nikapanda matatu inayopita Banana na Ruaka hadi mjini. Panga kuwa barabarani kabla ya saa kumi jioni. Wikendi, msongamano wa Ruaka unaweza kukula saa nzima.

Nani asiende njia hii? Mtoto chini ya miaka saba atachoka, na mzee mwenye magoti mabaya atateswa na mteremko. Hao wachukue boda au gari hadi langoni Brackenhurst, wazunguke msitu tu, mkutane hapo.

Ngong, kwa wenye miguu

Reli mpya ya SGR kuelekea Suswa ilifunguliwa Oktoba 2019, na kwa mtembezi ilikuja na zawadi: stesheni za Ongata Rongai, Ngong, Mai Mahiu na Suswa. Treni hiyo huanzia Nairobi Terminus kule Syokimau, unakofika kwa treni ndogo kutoka mjini. Ilipoanza ilipangwa kutoka asubuhi na kurudi alasiri, mpangilio unaomfaa mtembezi kuliko mwingine wowote, kwa hiyo uliza ni siku zipi inakwenda kabla hujapanga. Njiani inapita juu ya Mbuga ya Nairobi kwa daraja la kilomita 6 na zaidi, wanyama wakipita chini. Ukibahatika utaona twiga wakiwa chini yako, jambo ambalo sikuwahi kufikiria ningeliona.

Stesheni ya Ngong iko nje ya mji, kwa hiyo chukua boda hadi lango la msitu la Huduma ya Misitu juu ya mji. Siku treni haipo, matatu namba 111 itakufikisha Ngong. Lipa langoni na uombe walinzi wa msitu wakusindikize. Si jambo la kubishania bei. Vilele vya kusini vina upweke, na watu wameporwa huko. Kutoka langoni unapita mitambo ya upepo, ambayo ya kwanza iliwekwa mwaka 1993, kisha unapanda na kushuka kilele kimoja baada ya kingine hadi Lamwia, mita 2,460, na mwisho unashukia Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi. Ni kilomita kama kumi, saa nne hadi tano. Magharibi kuna Bonde la Ufa lote, mashariki kuna jiji. Upepo ni mkali, kofia ifungwe. Kutoka Kona Baridi pata gari hadi Kiserian, halafu mjini.

Na chini ya miguu yako, ukiwa juu ya vilima hivyo, treni inapita ndani ya handaki.

Kikuyu, kwa nusu siku

Huku ndiko ningempeleka mtu asiyewahi kutembea. Matatu namba 105 kutoka mjini inakushusha Kikuyu, nenda nayo baada ya chakula cha mchana, uanzie stesheni na uishie hapo hapo jioni.

Kutoka stesheni elekea kusini, uulize kinamasi cha Ondiri. Kila mtu anakijua. Ondiri si bwawa la kawaida. Majani na mizizi yamesukana yakawa mkeka unaoelea juu ya maji, na ukikanyaga pembeni unahisi ardhi ikitikisika kama godoro. Kwa sababu hiyo usiingie ndani, hata ukiona ng'ombe ameingia. Wazee wa hapa wana visa vya mikokoteni iliyomezwa na maksai wake. Tembea kingoni tu, ambako wenyeji wamepanda miti na mianzi kukilinda. Tazama korongo taji wakitembea wawili wawili. Maji haya ndiyo chanzo cha Mto Nairobi, mto ule ule unaoukuta mweusi na wenye harufu nyuma ya soko la Gikomba jijini. Ninapowaleta vijana wa mtaani kwetu hapa, huwa nawaomba wainamishe uso wautazame ukiwa bado msafi. Hawasemi neno kwa muda.

Kutoka Ondiri endelea hadi Thogoto, mahali ambapo wamisionari Waskoti walijenga, na jina lenyewe ni neno "Scot" lilivyosikika katika kinywa cha Mkikuyu. Hapo kuna Kanisa la Torch la Wapresbiteri (PCEA), hospitali ya Kikuyu, na shule ya Alliance iliyoanzishwa mwaka 1926. Zunguka polepole, nunua ndizi mbivu barabarani, kisha rudi Kikuyu kwa njia ya kijijini badala ya lami. Yote haya ni saa mbili hadi tatu.

Jipange uwe umefika stesheni kabla ya treni ya jioni kutoka mjini. Wewe hutaipanda, wewe unarudi na 105. Lakini kaa kwenye ukuta mfupi pale pembeni umalizie maji yako. Wauza mahindi wanapepea makaa, waendesha boda wanajipanga kwa zamu, na watoto waliovaa sare bado, mmoja akimshika mwingine mkono, wanasimama nyuma ya mstari wakitazama upande wa Dagoretti. Kisha taa inatokea kwenye kona, na mmoja wao anasema, "Hiyo ndiyo ya mama."